Seli Iliyojivua Kiini

Vitabu vya bayolojia vya shule humfundisha mwanafunzi seli kwa mchoro mmoja: utando unaoizunguka, saitoplazimu iliyojaa ndani yake, kiini katikati, na kandokando mitokondria, ribosomu na viungo vingine vidogo viitwavyo oganeli, kila kimoja kikiwa kimeandikiwa jina na kazi yake. Mchoro huo una manufaa, lakini una dosari moja kubwa, kwamba seli inayochorwa haipatikani popote katika mwili wa mtu. Seli ya neva yenye mkia unaoweza kufikia urefu wa mita moja kutoka uti wa mgongo hadi mguuni, seli ya msuli yenye viini vingi, mbegu ya kiume ambayo haizidi sana kiini kilichotiwa mkia, zote ni seli, na hakuna hata moja inayofanana na mchoro ule. Mhadhara huu unachagua seli iliyo mbali zaidi na mchoro huo, nayo ni seli nyekundu ya damu, kwa hoja kwamba uhusiano wa umbo na kazi huonekana wazi zaidi pale ambapo seli imeachwa bila karibu kila kitu isipokuwa kile inachokihitaji kwa kazi moja, na kwamba vitu ilivyovikosa ndivyo vinavyoeleza uwezo wake na udhaifu wake pia.

Historia ya elimu ya seli inajulikana vya kutosha na haihitaji kurudiwa kwa kirefu. Robert Hooke wa Uingereza alilitumia jina hilo mwaka 1665 kwa vijumba vitupu alivyoviona katika gamba la mti, yaani aliziona kuta za seli zilizokwisha kufa. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, alizieleza seli nyekundu za damu mwaka 1674 kwa lenzi alizozisaga mwenyewe. Na katikati ya karne ya 19 wanasayansi wa Ujerumani, wakiwamo Schleiden, Schwann na Virchow, waliweka msingi kwamba viumbe vyote vimejengwa kwa seli na kwamba kila seli hutoka katika seli nyingine. Seli nyekundu inaitii kanuni hiyo upande mmoja tu: imezaliwa na seli, lakini yenyewe haizai.

Kwa idadi, seli hizi ndizo nyingi kuliko nyingine zote mwilini. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliweka jumla ya seli za mtu mzima kuwa trilioni 30 hivi, na kati ya kila 30 karibu 25 ni seli nyekundu, kiasi kwamba anayeuliza seli ya kawaida ya binadamu ni ipi, jibu la hesabu ni seli isiyo na kiini. Kila moja ina kipenyo cha mikrometa 7 hadi 8, mikrometa moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na ni nene ukingoni kuliko katikati, kwa sababu imebonyea pande zote mbili, mfano wa kitumbua kilichobinywa katikati kwa vidole viwili. Umbo hilo si pambo. Ujazo wa seli hiyo ni takriban mikrometa 90 za mchemraba, na tufe lenye ujazo huo lingetosheka na utando wenye eneo lisilofika mikrometa 100 za mraba, ilhali seli nyekundu ina utando wa mikrometa 140 hivi za mraba. Ziada hiyo ya utando ndiyo inayoiwezesha kujikunja, kujinyoosha na kupenya katika mishipa midogo kuliko yenyewe bila kupasuka, na wakati huohuo inaifanya oksijeni isiwe na safari ndefu kutoka ukingoni hadi ndani.

Seli nyekundu huzaliwa katika uboho, ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, kutokana na seli shina, yaani seli zenye uwezo wa kugawanyika mara nyingi na kutoa aina mbalimbali za seli za damu. Figo zinapohisi upungufu wa oksijeni hutoa homoni iitwayo erithropoietini, nayo huuamuru uboho uzidishe kazi. Katika muda wa siku chache seli changa hugawanyika mara kadhaa, hujaza saitoplazimu yake protini moja, kisha hufanya jambo lisilo la kawaida katika ulimwengu wa seli: hukisukuma kiini chake ukingoni, hukifunga kwa kipande chembamba cha utando na kukitoa nje kizima, na kando yake huwa kuna makrofaji, seli kubwa yenye kazi ya kumeza mabaki, ambayo hukipokea kiini hicho na kukimeng'enya. Seli inayobaki huingia katika mzunguko wa damu ikiwa bado na masalio ya ribosomu, na kwa siku moja au mbili masalio hayo nayo hutoweka pamoja na mitokondria za mwisho. Uboho wa mtu mzima hutoa seli za namna hii zaidi ya milioni 2 kwa kila sekunde, na kila moja huishi siku 120 hivi. Kwa kuwa haina DNA wala ribosomu, haiwezi kutengeneza protini mpya hata moja. Ikichakaa haitengenezeki, na vyote itakavyovitumia kwa miezi minne imevibeba siku ilipotoka mfupani.

Uamuzi huo wa kutupa kiini si wa wanyama wote. Damu ya kuku, ya samaki, ya kinyonga au ya chura ikitandazwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini huonyesha seli nyekundu zenye umbo la yai, na katikati ya kila moja kuna kiini cheusi kinachoonekana bila taabu. Ni mamalia waliokiondoa. Miongoni mwa mamalia, ngamia na jamaa zake wana seli zenye umbo la yai ingawa hazina kiini, nazo huweza kuvimba na kuzidi maradufu ya ujazo wake kabla ya kupasuka, jambo lenye maana kubwa kwa mnyama anayekaa siku nyingi bila maji kisha akanywa lita 100 au zaidi kwa mkupuo, kwani damu yake huzimuliwa ghafla na seli ya mnyama mwingine ingepasuka. Mfugaji wa kaskazini mwa Kenya anayaona matokeo ya tofauti hiyo kila anapofika kisimani.

Protini inayoijaza seli nyekundu ni himoglobini, ambayo huchukua karibu theluthi moja ya uzito wote wa seli, na maji yakiondolewa huwa zaidi ya tisa ya kumi ya kile kinachobaki. Kila seli ina molekuli zake milioni 270 hivi. Molekuli moja ni mkusanyiko wa minyororo minne ya asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kuunda protini: miwili ya alfa yenye vipande 141 kila mmoja na miwili ya beta yenye vipande 146. Kila mnyororo umekumbatia atomi moja ya chuma, na ni chuma hicho kinachoshika oksijeni. Max Perutz alianza kuichunguza molekuli hiyo kwa miale ya eksirei huko Cambridge mwaka 1937, na zaidi ya miaka 20 ikapita kabla hajaweza kuuonyesha mpangilio wake, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1962 pamoja na John Kendrew. Alichokionyesha yeye na waliomfuata ni kwamba minyororo minne haifanyi kazi kila mmoja kivyake. Mmoja ukishika oksijeni, mkao wa molekuli nzima hubadilika na mingine huona wepesi wa kushika. Katika misuli, ambako oksijeni ni haba na asidi imezidi, mkao hurudi kama ulivyokuwa na mzigo huachiliwa. Protini inayoshika kwa nguvu ileile kila mahali isingekuwa na faida yoyote, kwa sababu ingepakia mapafuni na isishushe popote.

Hapa ndipo ukosefu wa mitokondria unapopata maana. Mitokondria ni oganeli zinazoteketeza chakula kwa oksijeni ili kupata nishati, na seli yenye oganeli hizo ingeitumia shehena iliyokabidhiwa kuwapelekea wengine. Seli nyekundu imejizuia kwa kutokuwa nazo, na badala yake huvunja glukosi bila oksijeni, njia inayoipa molekuli mbili tu za ATP, yaani sarafu ya nishati ya seli, ambapo mitokondria zingeipa 30 hivi. Umaskini huo unatosha, kwa kuwa matumizi yake ni madogo: kusukuma sodiamu nje na potasiamu ndani ili isivimbe, na kulinda himoglobini yake isiharibiwe. Ulinzi huo kwa sehemu kubwa unategemea kimeng'enya kiitwacho G6PD, na watu waliozaliwa na upungufu wake, ambao ni wengi katika maeneo yenye historia ya malaria, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki, seli zao huweza kupasuka kwa wingi wanapotumia dawa fulani kama primakwini.

Utando wa seli nyekundu unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndio uliofundisha mengi yanayojulikana kuhusu tando za seli zote. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walitoa mafuta yote, yaani lipidi, kutoka katika seli nyekundu zilizohesabiwa, wakayatandaza juu ya maji yawe tabaka lenye unene wa molekuli moja, wakaona kwamba eneo lake ni mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Hivyo wakakata shauri kwamba utando una matabaka mawili ya lipidi yaliyogusana migongo. Kipimo chao kilikuwa na makosa mawili, kwani hawakuyatoa mafuta yote na walilikadiria eneo la seli kuwa dogo kuliko lilivyo, lakini makosa hayo yalifutana na jibu likawa sahihi. Jaribio hilo lisingewezekana kwa seli ya ini, ambayo ndani yake imejaa tando za oganeli. Liliwezekana kwa seli nyekundu kwa sababu haina utando mwingine wowote ila ule wa nje. Chini ya matabaka hayo umetandikwa wavu wa protini iitwayo spektrini, uliofungwa kwenye utando kwa nukta nyingi, nao ndio unaorudisha umbo baada ya seli kubinywa.

Mtihani mkali wa wavu huo hufanyika katika bandama. Humo damu hulazimika kupita katika nyufa zenye upana wa takriban mikrometa moja, nyembamba mno kuliko seli yenyewe, na seli changa hujibana na kutokea upande wa pili ikiwa salama, ilhali ile iliyokakamaa kwa uzee au ugonjwa hunasa, ikamezwa na makrofaji. Chuma chake huokolewa na kurudishwa ubohoni, na sehemu iliyokuwa imekishika chuma hugeuzwa rangi ya njano inayotolewa na ini kupitia nyongo. Seli zikivunjika kupita kiasi, rangi hiyo hujaa katika damu na kuonekana katika weupe wa macho ya mgonjwa.

Kiumbe aliyeuelewa muundo huu mapema kuliko wanasayansi ni kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran alimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1880 katika damu ya askari huko Constantine, Aljeria, na mpaka leo mtaalamu wa maabara katika zahanati hufanya kwa kiasi kikubwa kilekile alichofanya Laveran: hutandaza tone la damu juu ya kioo, hulipaka rangi ya Giemsa, ambayo Laveran hakuwa nayo, kisha huchungulia kwa hadubini. Seli nyekundu huonekana za waridi, zenye weupe katikati pale zilipobonyea, na katika chache kati yake huonekana duara jembamba la buluu lenye nukta nyekundu, ambalo ndilo kimelea kichanga. Nukta ile ni kiini. Katika seli ya mtu iliyokwisha kukitoa kiini chake, kiini pekee kilichomo ni cha mgeni.

Mgeni huyo amechagua vizuri. Seli nyingi za mwili zikivamiwa hutoa vipande vya protini za adui na kuviweka juu ya utando wao ili askari wa kinga wavione, lakini seli nyekundu haina mitambo ya kufanya hivyo, na kwa sababu hiyo kimelea hukaa ndani kikila himoglobini bila kushtakiwa. Hata hivyo utupu huo humgharimu pia, kwa kuwa seli isiyotengeneza protini haina njia za kusafirishia protini, na kimelea kinalazimika kujijengea mfumo wake wa uchukuzi katika saitoplazimu ya mwenyeji. Kupitia mfumo huo hupeleka juu ya utando protini zinazojitokeza kama vinundu na kuifanya seli ing'ang'anie kuta za mishipa midogo. Sababu ni bandama: seli yenye kimelea huwa ngumu, na kama ingefuata mkondo wa damu ingenasa katika nyufa zilizotajwa. Kunata huko kunapotokea katika mishipa ya ubongo ndipo malaria huwa ya kutisha zaidi. Baada ya saa 48 hivi seli hupasuka na vimelea kati ya 16 na 32 hutoka kutafuta seli nyingine.

Kwa kuwa kimelea kinategemea umbo la seli, badiliko dogo la umbo huweza kuwa kinga. Mfano wa karibuni unatoka Kilifi, pwani ya Kenya, ambako kuna watu wenye kundi la damu liitwalo Dantu, lisilopatikana kwa urahisi sehemu nyingine za dunia. Kundi hilo hutokana na jeni mbili za glaikoforini, protini za juu ya utando ambazo kimelea huzishika kinapoingia, zilizoungana na kuwa jeni chotara. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba aina hiyo hupunguza hatari ya malaria kali kwa asilimia 40 hivi, na mwaka 2020 watafiti waliorekodi picha za hadubini za vimelea vikijaribu kuingia waligundua kwamba utando wa seli za Dantu umekazwa zaidi, na kwamba ukaze ukipita kiwango fulani kimelea hushindwa kuukunja na kupenya. Kinga hii haina sumu wala askari. Ni suala la utando kukazwa kidogo kuliko kawaida.

Mfano wa zamani na wenye gharama kubwa ni selimundu. Daktari James Herrick wa Chicago alichapisha mwaka 1910 maelezo ya kijana kutoka Grenada ambaye seli zake nyekundu zilikuwa zimepinda umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hao ina tofauti ya chaji ya umeme, na katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram huko Cambridge aliibaini tofauti yenyewe: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki imebadilishwa na valini. Ni kipande kimoja kati ya 146. Himoglobini hiyo inapoachilia oksijeni, valini hutokeza nje na kuingia katika kishimo kilichopo kwenye molekuli jirani, nayo jirani hushika nyingine, hadi zinafanyika nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli na kuipinda. Ugonjwa huu usingekuwa hivi kama seli isingejazwa himoglobini kwa msongamano uliotajwa, kwa maana kasi ya kufanyika kwa nyuzi hutegemea sana ukaribu wa molekuli. Umaalumu uleule unaoifanya seli nyekundu kuwa mchukuzi hodari ndio unaoyafanya maumivu ya mgonjwa. Seli iliyopinda huziba mishipa midogo, huleta maumivu makali ya mifupa na kifua, na huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Bandama, kwa kuwa ndiyo yenye njia nyembamba kupita zote, huharibika utotoni, na mtoto hubaki bila ngao dhidi ya bakteria fulani, ndiyo sababu hupewa penisilini na chanjo mapema.

Kwa nini jeni la selimundu, lenye madhara kiasi hicho, halijatoweka? Daktari E. A. Beet, aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, aligusia mwaka 1946 kwamba waliorithi hali hiyo walionekana kuwa na vimelea vichache vya malaria. Hoja ilikamilishwa na Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya na kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, watu wenye jeni hilo walizidi 20 katika kila 100, na katika nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni hilo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria. Seli ya mtu huyo kwa kawaida haipindi, lakini ikiingiliwa na kimelea na oksijeni ikapungua huweza kupinda na kuondolewa kabla kimelea hakijakomaa, na vinundu vya kunatia hujengwa kwa udhaifu. Wazazi wawili wa namna hiyo, kila wapatapo mimba, wana uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni kati ya nchi ambako watoto wengi zaidi huzaliwa na ugonjwa huu.

Tiba nayo inafuata mantiki ya muundo. Seli nyekundu yenyewe haiwezi kurekebishwa, kwa kuwa haina DNA ya kurekebisha. Mganga hana budi kurudi nyuma hadi ubohoni, kwenye hatua ambayo seli ilikuwa bado na kiini. Mwezi Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha tiba ya kuhariri jeni kwa mbinu ya CRISPR, ambapo seli shina za mgonjwa hutolewa, swichi inayozima himoglobini ya kichanga ikakatwa, kisha seli zikarudishwa baada ya uboho wa zamani kufyekwa kwa dawa kali. Himoglobini ya kichanga, ambayo mtoto huwa nayo tumboni na miezi ya mwanzo ya maisha, haina mnyororo wa beta na huvuruga ujengaji wa nyuzi, na ndiyo sababu ugonjwa hauanzi kuonekana kabla ya miezi kadhaa kupita. Bei iliyotangazwa Marekani kwa tiba hiyo ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kwa hospitali ya wilaya ya Afrika Mashariki hiyo ni habari tu. Kilicho karibu zaidi ni haidroksiurea, dawa ya kumeza ambayo nayo huuchochea uboho kurudia himoglobini ya kichanga, tena kwa kutoa seli kubwa zaidi ambamo himoglobini mbovu haisongamani kama kawaida. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata vipindi vichache vya maumivu, waliongezewa damu mara chache, na malaria na vifo vilipungua miongoni mwao, kinyume na hofu iliyokuwapo kwamba dawa hiyo ingewaongezea maambukizi. Kwa kuwa dawa hufanya kazi ubohoni, ambako seli nyeupe na chembe sahani nazo huzaliwa, hizo pia huweza kupungua, na mtoto anayeitumia hana budi kupimwa wingi wa seli za damu kila baada ya muda uliopangwa ili kipimo cha dawa kipandishwe au kishushwe.